Meno ya kooni, kidole cha sita na makaratasi ya mama

Kisu kiligoma.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimekaa kwenye kigoda uani kwetu Ujiji, beseni mbele yangu, natengeneza kichwa cha kuhe, yule samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika. Nilikuwa nimemnunua ufukweni Kibirizi alfajiri ile, mkubwa, rangi ya dhahabu yenye mabaka meusi ubavuni. Mama alikuwa ameshatoa amri kwamba kichwa ni cha supu, vipande vingine ni vya mawese. Nilipopitisha kisu nyuma ya matamvua ili nitoe yale mafundo ya mifupa, kikakwama. Nikasukuma, wapi. Nikaingiza kidole kuona kuna nini, nikachomwa.

Kilichotoka ni mfupa wa pembe tatu uliojaa meno.

Si magamba, si miiba. Meno kabisa, madogo, yamesimama kwa safu, ya nyuma makubwa kidogo kuliko ya mbele. Nikapapasa juu, kwenye paa la koo, nikakuta vibamba viwili vingine vyenye meno vinavyoangaliana na ule wa chini. Kinywa kizima, nyuma ya kinywa.

"Kwani ulikuwa hujui?" mama aliniuliza kutoka barazani, mguu kwenye pedeli ya cherehani. "Ya mbele ni ya kukamatia. Hayo ndiyo ya kutafunia."

Nimekula kuhe tangu nianze kula ugali. Nilisoma baiolojia mpaka chuo, ingawa leo riziki yangu ni mambo ya mizigo bandarini. Na siku zote hizo nilikuwa sijaushika mfupa huo mkononi.

Niliuosha, nikauanika dirishani. Supu ikaliwa, wiki ikaisha, nyingine ikaanza. Mfupa uko pale pale, na kila nikipita naukuta.

Swali lenyewe

Faida ya kuwa na meno kooni haikunisumbua. Hilo hata mvuvi wa Katonga atakueleza. Koo likichukua kazi ya kutafuna, midomo inakuwa huru kufanya mengine. Ndiyo maana ziwani kwetu utamkuta samaki anayekwangua ukoga mawemawe, mwingine anayefyonza mchanga na kuutema, na mwingine anayeishi kwa kunyofoa magamba ya wenzake, mdomo wake umepinda upande mmoja, wengine kushoto na wengine kulia, kulingana na ubavu anaoushambulia. Ziwa Tanganyika lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12, kina chake kinafika mita 1,470, na ndani yake mna aina kama 240 za samaki wa ukoo wa perege, karibu zote hazipatikani kokote kwingine duniani. Kuhe anatajwa kuwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa ukoo huo, si wa hapa tu, bali popote wanapoishi.

Kilichonikosesha raha ni kingine. Mwili ulijuaje kutengeneza meno mara mbili?

Jino si kitu chepesi. Linaanza kama kijidoa kwenye kiinitete, tabaka mbili za chembe hai za mwili zinasemezana, moja inakunjika, nyingine inaitikia, kisha linakuja gumu la nje na laini la ndani. Kulibuni jambo hilo mara moja ni kazi. Kulibuni mara mbili katika mnyama yule yule, mara ya mbele na mara ya nyuma, mimi haikuniingia akilini.

Nikaanza kusoma usiku, baada ya kazi, umeme ukiwepo.

Jibu la kwanza nililipata kwa samaki wa jirani. Mwaka 2009 watafiti waliwachunguza samaki wa ukoo huu kutoka Ziwa Nyasa na kukuta jambo lililonifanya niweke simu chini. Aina yenye meno mengi mdomoni ina meno mengi kooni pia. Yenye machache huku ina machache kule. Na walipoangalia ni jeni zipi, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe, zinawaka mahali jino linapochipua, mbele na nyuma walikuta karibu kikosi kile kile.

Halikubuniwa mara mbili. Palikuwa na maelekezo mamoja, yakasomwa mahali pawili.

Wao walipendekeza kwamba meno ya kooni ndiyo yaliyotangulia, kwa samaki wa kale ambao hata taya hawakuwa nazo. Taya zilipokuja baadaye, maelekezo ya meno yalikuwa tayari yapo mwilini, yakaazimwa. Wapo wataalamu wanaolibishia hilo, wanasema meno yalianzia nje, kwenye ngozi, kisha yakaingia ndani. Mimi siwezi kuwaamulia. Ila nilipoutazama tena ule mfupa dirishani, niliona huenda mimi ndiye niliyeuita "kinywa cha pili" kimakosa.

Kalunguyeye

Katika kikosi hicho cha jeni mna moja ambayo jina lake liliniteka kuliko zote, kwa sababu ni jina la mnyama ninayemfahamu.

Mwaka 1980, huko Heidelberg, Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walitoa matokeo ya kazi ndefu ya kuharibu jeni za inzi wa matunda, moja baada ya nyingine, na kuangalia mabuu yanatokaje. Mengine yalikosa pingili, mengine yalichanganya mbele na nyuma. Buu mmoja alitoka mfupi, tumbo lote limejaa vinywele vilivyosimama kama miiba. Wakaiita jeni iliyoharibika kwa buu huyo kalunguyeye, kwa Kiingereza hedgehog. Kazi ile iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1995, pamoja na Edward Lewis wa Marekani.

Inzi ana kalunguyeye mmoja.

Mwaka 1993 maabara kadhaa zilitangaza kwa pamoja kwamba zimempata kwa wanyama wenye uti wa mgongo, na huku hakuwa mmoja. Kwa panya na kwa binadamu wapo watatu. Wawili walipewa majina ya kalunguyeye halisi wa porini, wa India na wa jangwani. Wa tatu akapewa jina la Sonic, yule kalunguyeye wa bluu wa kwenye michezo ya video.

Ni ndugu kabisa. Protini zao zinafanana, zote zinatolewa na chembe moja ili zisikike na chembe jirani, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya korongo: walio karibu wanasikia sana, walio mbali wanasikia kidogo, na kila mmoja anafanya kulingana na alivyosikia. Lakini kazi wamegawana. Wa jangwani anahitajika kwenye korodani na kwenye ala za neva. Wa India anasimamia gegedu, ili mfupa urefuke kwa mpango. Sonic ndiye mwenye mzigo mkubwa: ubongo, uti wa mgongo, mapafu, vidole, na meno. Meno ya mdomoni, na yale ya kooni mwa samaki.

Ukitaka kujua uzito wa mzigo huo, mtazame kiumbe anapoukosa. Miaka ya 1950, Idaho huko Marekani, kondoo waliokula mmea fulani wa porini wakiwa na mimba changa walizaa wana-kondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Baadaye ikaeleweka kwamba sumu ya mmea ule inaziba masikio ya chembe zisimsikie Sonic. Asiposikika, uso na ubongo havigawanyiki kuwa pande mbili.

Kidogo nimtaje kalunguyeye wetu mwenyewe, huyu anayejikunja mpira ukimgusa usiku njiani. Ana vidole vinne tu miguu ya nyuma. Huwa simpiti tena bila kuinama kumhesabu, akinipa nafasi.

Mmoja aliwezaje kuwa watatu

Hapa ndipo lilipo neno lenyewe, na ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote.

Yuko kiumbe mdogo wa baharini anayeitwa amfioksasi, urefu wa kidole, anajichimbia mchangani, ana kamba ngumu mgongoni lakini hana mfupa hata mmoja. Ni ndugu wa karibu wa wanyama wenye uti wa mgongo ambaye hakuingia nyumbani. Naye ana kalunguyeye mmoja. Ana pia kundi moja la jeni za Hoksi, zile zinazouambia mwili hapa ni shingo, hapa ni kifua, hapa ni kiuno, zimepangana kwenye DNA, ule uzi mrefu ambao jeni zimeandikwa juu yake, kwa utaratibu ule ule zinaofuata mwilini kutoka kichwani kwenda mkiani. Amfioksasi ana kundi moja lenye jeni 15. Sisi tunayo makundi manne, jumla jeni 39, yamekaa kwenye kromosomu nne tofauti.

Kinachosadikiwa na wengi ni kwamba zamani sana, zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita, kwa mababu wa wanyama wenye uti wa mgongo, DNA yote ilijinakili nzima nzima. Si jeni moja moja. Yote. Kisha ikatokea tena. Mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne, na wengi wa walionakiliwa wakapotea njiani. Kalunguyeye wa nne ni mmoja wa waliopotea.

Susumu Ohno, Mjapani aliyefanya kazi California, alilieleza wazo hili mwaka 1970, wakati hakukuwa na namna ya kusoma DNA kama leo. Hoja yake ilikuwa hii. Jeni yenye kazi moja muhimu haiwezi kuchezewa, maana ukiichezea mwenye nayo anakufa. Lakini ikiwepo nakala ya pili, moja inabaki kazini na nyingine inakuwa huru. Inaweza kukosea bila kuua mtu. Na katika kukosea huko siku moja inaokota kazi mpya.

Nililipenda wazo hilo mpaka nikaanza kulihubiri. Nililieleza kwa wenzangu bandarini, nikamweleza na mama. Nilitumia mfano wake mwenyewe, wa ufundi. Nikamwambia: ni kama wewe na karatasi zako za kukatia nguo. Ukiwa na moja huijaribu, ukiwa na mbili, ya pili unaweza kuichora upya.

Mama akasimamisha cherehani.

"Mimi siendi hivyo," akasema.

Mafurushi mawili

Mama ana sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake kuna karatasi za khaki, zilizokatwa kutoka mifuko ya saruji, zimefungwa mafurushi kwa vipande vya kitambaa. Kila furushi ni nguo moja: mbele, nyuma, mkono, kola, mfuko. Pembeni ameandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa watu waliosoma zamani, "sare ya mvulana, darasa la tano", "gauni la kipaimara", "kaunda suti, mtu mnene".

Alitoa mafurushi mawili ya sare ya mvulana. Yalikuwa sawa kabisa. Moja lilichorwa juu ya jingine miaka mingi nyuma, alipokuwa na msaidizi na kazi za sare zilikuwa nyingi, ili kila mmoja awe na lake mezani.

"Sasa angalia."

Akafungua la kwanza. Kola haipo. Mwaka mmoja bati lilivuja, maji yakaingia sandukuni, kola ikawa uji. Vilivyobaki vizima. Akafungua la pili. Kola ipo, safi, lakini mkono umeliwa na mchwa, umebaki kama ramani ya nchi yenye visiwa.

"Nimechukua kola hapa na mkono huku miaka yote," akasema. "Hakuna hata moja niliyochora upya. Na hakuna ninayoweza kutupa."

Sikumjibu. Niliondoka barazani nikaenda kukaa chini ya mwembe.

Sikuwa nimekereka. Siku tatu au nne kabla nilikuwa nimepitia haraka haraka jambo nisilolielewa, na sasa mama alikuwa amenifungulia kwa karatasi mbili za saruji. Mwaka 1999 wanasayansi kadhaa walihoji wazo la Ohno kwa swali jepesi. Kama nakala ya pili haina kazi, itaharibika upesi, kwa sababu hakuna kinachoilinda. Kuokota kazi mpya ni bahati nadra, kuharibika ni jambo la kila siku. Mbona basi nakala nyingi kiasi hiki zimedumu mamia ya mamilioni ya miaka?

Jibu lao ni la mama. Jeni moja huwa na kazi kadhaa mahali kadhaa, na kila mahali ina swichi yake. Ikinakiliwa, nakala zote mbili zinaanza kuharibika. Moja inapoteza swichi hii, nyingine inapoteza ile. Siku kila moja inapokuwa imebaki na kile ambacho mwenzake amekipoteza, hakuna inayoweza kutupwa tena.

Walilionyesha kwa yule samaki mdogo wa milia anayefugwa maabara. Samaki wengi wa leo, kuanzia huyo hadi kuhe na dagaa, walipitia kunakiliwa kwa tatu kwa DNA yote, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, baada ya njia yao kuachana na yetu. Kwa hiyo mahali ambapo panya ana jeni moja, wao mara nyingi wana mbili. Panya ana jeni moja iitwayo ingreili ya kwanza, inayofanya kazi kwenye kichipukizi cha mguu wa mbele na pia kwenye neva za ubongo wa nyuma na uti wa mgongo. Samaki wa milia ana mbili. Moja inawaka kwenye pezi la ubavuni. Nyingine kwenye neva. Kola huku, mkono kule.

Hakuna aliyebuni chochote. Ziliharibika, zikategemeana, zikadumu. Na kwa kuwa zimedumu, ndipo baadaye moja inaweza kusogea taratibu upande wake, nyingine upande wake, mpaka siku moja unakuta kalunguyeye watatu wenye kazi tatu.

Sisemi Ohno alikosea. Nakala zilizookota kazi mpya zipo kweli. Ila mimi nilikuwa nimeipenda hadithi ya nakala huru kwa sababu inapendeza, na nikaacha kuuliza kama ndivyo mambo yanavyokwenda sandukuni.

Hesabu isiyokubali

Baada ya hapo nikawa mgumu wa kuamini. Nikakumbuka jambo jingine nililolisema kwa uhakika mbele za watu: kwamba makundi manne ya Hoksi badala ya moja ndiyo yaliyotupa taya, mikono, ubongo mkubwa. Nakala nyingi, mwili wenye mengi.

Nikaenda kuhesabu.

Kuna samaki anaitwa lampri, hana taya, mdomo wake ni duara la kunyonyea, mwili kama kambale mwembamba. Ana makundi sita ya Hoksi, mawili zaidi yetu. Hana taya, hana mapezi ya ubavuni. Samaki wa milia ana makundi saba. Dagaa anayekauka kwenye mchanga wa Kibirizi naye ni wa upande huo wa ukoo, upande ulionakiliwa mara tatu.

Kama idadi ya nakala ndiyo ingekuwa cheo, dagaa angetuzidi.

Hili lilinivunja moyo kwa muda, nakiri. Nilitaka kuwe na mstari ulionyooka kutoka kwa nakala hadi kwetu. Haupo. Kunakiliwa kunaweka vitu stoo, hakusemi vitumike vipi. Kinachosema ni swichi, yaani vile vipande vya DNA ambavyo vyenyewe si jeni lakini vinaamua jeni iwake wapi, lini, na kwa nguvu gani.

Na hakuna mahali swichi inaonekana wazi kama kwa chatu.

Nyoka wametokana na wanyama wenye miguu. Chatu bado ana vijikucha viwili karibu na mkia, mabaki ya miguu ya nyuma. Sonic anaye, na ni mzima, kwa sababu bila yeye chatu asingekuwa na ubongo wala uti. Kilichoharibika ni swichi moja ya Sonic, ile inayomwasha kwenye kichipukizi cha mguu tu. Mwaka 2016 watafiti walimtoa panya swichi yake hiyo wakamwekea ya nyoka. Panya akazaliwa na vigutu badala ya miguu. Kisha wakachukua swichi ya chatu, wakarudisha herufi 17 za DNA ambazo nyoka wamezipoteza, wakamwekea panya mwingine. Akazaliwa na miguu.

Herufi 17.

Nilisoma sentensi hiyo saa tano usiku, mkono wangu wa kushoto nimeuegemeza mezani, na bila kufikiri nikawa nasugua kile kijivimbe kilichopo ubavuni mwa kidole changu cha mwisho.

Kijivimbe

Ninacho mikono yote miwili. Kidogo, kama punje ya mtama, nje ya kidole kidogo, pale kinapoungana na kiganja. Utotoni niliambiwa ni alama ya kuzaliwa na nikaridhika.

Asubuhi nilimwonyesha mama mkono, nikamuuliza moja kwa moja.

Aliutazama mkono, akanitazama mimi.

"Ulizaliwa navyo sita sita," akasema. "Havikuwa na mfupa. Vilikuwa vinaning'inia kama vijishikizo. Bibi yako alivifunga uzi, siku ya saba vikaanguka. Na yeye alifungwa hivyo hivyo."

Miaka yote nimeishi na jambo hili mkononi. (Mwenye mtoto mchanga asifanye alivyofanya bibi. Uzi unaweza kuleta kidonda na pepopunda, na hospitalini ni kazi ya muda mfupi.)

Kwa siku mbili nilijua jibu. Swichi ile ile ya chatu inayo upande wa pili. Iko mbali na jeni ya Sonic, karibu herufi milioni moja, katikati ya jeni nyingine isiyohusika. Tangu mwaka 2003 inajulikana kwamba herufi moja tu ikibadilika ndani yake, Sonic anaweza kuwaka mahali pasipo pake na mtoto akazaliwa na vidole vya ziada. Chanzo cha kulijua hilo ni kuku. Mwaka 1993 waliweka chembe zinazotoa Sonic kwenye ukingo wa mbele wa kichipukizi cha bawa la kifaranga ndani ya yai, na bawa likaota vidole vyake mara mbili, kama vimetazamana kwenye kioo. Nikajiona niko humo. Nikaandika nusu ya makala hii nikisema hivyo.

Kisha nikasoma tena, polepole. Mabadiliko ya swichi ile huleta vidole vya ziada upande wa kidole gumba.

Changu kilikuwa upande wa mwisho.

Nikafuta kurasa zote. Upande wa mwisho unatajwa zaidi na jeni nyingine, GLI3, ambayo ni mojawapo ya masikio ya ndani ya chembe yanayopokea sauti ya kalunguyeye. Sonic akisikika, inatulia. Asiposikika, inakatwa vipande na kuzima mambo. Mabadiliko katika GLI3 yanajulikana kuleta kidole cha ziada karibu na kidole kidogo, ingawa si jeni pekee inayoweza kufanya hivyo, na mimi sijapimwa.

Nilichokuta baada ya hapo ndicho kilichonifanya nirudi kuandika. Jina lake lina tatu mwishoni kwa sababu wapo wenzake. GLI1, GLI2, GLI3. Inzi anayo moja tu ya aina hiyo, na kazi zote mbili, kuwasha na kuzima, anaifanyisha hiyo hiyo moja. Sisi tumebaki na tatu. GLI3 hasa imebeba kuzima. GLI2 hasa imebeba kuwasha. Nyingine ina kola, nyingine ina mkono.

Msemaji alinakiliwa akawa watatu, na msikilizaji naye akanakiliwa akawa watatu, pengine katika tukio lile lile, ndani ya samaki fulani asiye na taya, kabla hakujawa na kidole popote duniani. Na mabaki ya mazungumzo yao yako kwenye ukingo wa kiganja changu, na kwenye kiganja cha bibi.

Uzi

Jumamosi iliyopita nilienda tena Kibirizi. Kuhe walikuwa wachache, nikachukua migebuka. Niliporudi mama alikuwa anakata sare. Mafurushi yote mawili yako wazi mezani, ametandaza kitambaa cha khaki, anapiga chaki kuzunguka kola ya furushi moja na kuhamia mkono wa jingine bila hata kuangalia anachokichukua.

Nilimwambia nitamchorea furushi moja zima, jipya, karatasi nzuri, haya ya zamani yapumzike.

"Chora," akasema. "Lakini haya usiyaguse."

Nikakaa karibu yake. Nikauliza jambo ambalo lilikuwa limebaki: ule uzi bibi aliutoa wapi.

"Hapa," akasema, akagonga cherehani kwa ncha ya kidole. "Ulikuwa mweusi. Ndio uliokuwa kwenye mashine siku ile, nilikuwa nashona baibui ya mtu. Nikamkatia yeye, akafunga kushoto kwanza."